Fyuzi inaungua nikikata kona: jibu kwa dereva wa bodaboda wa Ifakara

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Ifakara, pikipiki ya Kichina cc 125. Ni ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Usiku napeleka abiria Lupiro na upande wa Mlimba, njia ni giza na ng'ombe wanavuka ovyo, kwa hiyo niliweka taa mbili za LED mbele. Boksi linasema wati 20 kila moja. Nikaweka na chaja ya simu kwenye usukani. Fundi alizichukulia taa umeme kutoka waya wa taa ya nyuma, chaja akaipigia jointi kwenye waya wa taa kubwa. Chaja ya kwanza iliungua siku ya tatu, ya pili haikumaliza wiki. Fyuzi ya ampea 10 ikawa inaungua, hasa nikikata kona kali. Fundi akaweka uzi wa waya badala ya fyuzi. Sasa haiungui tena, ila nasikia harufu ya plastiki chini ya tangi. Na asubuhi stata haivuti, napiga kiki. Wenzangu kijiweni wanasema nichukue moja kwa moja kwenye betri. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Usiendelee kusoma kwanza. Nenda kautoe huo uzi wa waya, kisha urudi.

Ile harufu ni ngozi ya nyaya zako inayeyuka, na inayeyukia mahali ambapo juu yake kuna lita kadhaa za petroli. Fyuzi haikuwekwa ili kuilinda taa wala chaja. Kazi yake ni kuulinda waya. Kiwanda kilipoweka ampea 10 kilikuwa kinasema: waya huu mwembamba ukizidishiwa, kife kwanza kitu cha shilingi mia chache. Aliyeweka uzi amehamisha kifo hicho, na sasa kinachoungua ni wayaringi nzima. Nunua fyuzi ya ampea 10, irudishe, na kama itaungua, iache iungue hadi tumalize hapa. Taa zako na chaja zichomoe kabisa kwa sasa.

Umenieleza mambo manne kama ugonjwa mmoja. Mimi naona magonjwa matatu tofauti, na moja tu ndilo la mahali umeme ulipochukuliwa.

Tuanze na chaja, kwa sababu hilo ndilo linalowasumbua wengi na ndilo mafundi wengi hawalielezi. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha bonyeza swichi ya taa kubwa. Haiwaki, sivyo? Sasa washa injini. Inawaka, lakini ikinguruma polepole mwanga unakuwa wa manjano, na ukipiga resi unakuwa mweupe. Kama ndivyo, taa yako kubwa haiijui betri kabisa. Inakula moja kwa moja kutoka kwenye magneto, yaani mtambo mdogo wa kuzalisha umeme unaozungushwa na injini. Kwenye pikipiki nyingi za aina yako, koili za magneto zinagawana kazi: upande mmoja unapeleka umeme kwenye taa kubwa, upande mwingine unapita kwenye rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme uwe wa kuchajia, kwenda kuchaji betri.

Umeme wa upande ule wa taa ni AC, yaani unakwenda na kurudi, mara chanya mara hasi, mara nyingi kwa sekunde. Balbu ya uzi haijali, maana uzi unapata moto uelekeo wowote. Lakini chaja ya simu imetengenezwa kwa DC, umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu. Ukiilisha AC, nusu ya muda unaipa umeme uliogeuzwa kichwa chini, na kilele cha wimbi hilo kinazidi namba unayoisoma kwenye mita. Chaja nyingine zina kinga ndani, zinavumilia. Za bei ya kijiweni zinakufa siku ya tatu. Yako haikuwa mbovu, na ya tatu ungeinunua ingekufa vilevile. Taa za LED ukiziunga hapo zinapepesa kama moto wa kibatari kwenye upepo, kisha nazo zinaanza kufa punje moja moja.

Kama una mita ya kupimia umeme, utathibitisha kwa dakika mbili. Iweke kwenye volti za AC, injini ikiwaka, gusa waya wa taa kubwa na ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Angalizo: mita hizi za njano za bei ndogo zina tabia ya ajabu. Ukiziweka AC ukagusa betri, ambayo ni DC tupu, zinaweza kukuonyesha karibu volti 27, au sifuri ukizigeuza. Kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye betri ujue inavyodanganya, ndipo uende kwenye taa.

Ugonjwa wa pili ni fyuzi. Hapa nina washukiwa wawili.

Mshukiwa wa kwanza ni hesabu. Gawa wati kwa volti upate ampea. Taa zako mbili, kama boksi linasema kweli, ni wati 40. Gawa kwa 12 ni ampea 3.3. Ukishika breki, balbu ya wati 21 inakula kama 1.75. Taa ya nyuma yenyewe wati 5, yaani 0.4. Indiketa mbili za upande mmoja, wati 10 kila moja, 1.7. Ukipiga honi, weka 3. Jumlisha: umepita ampea 10 kidogo, na yote hiyo inategemea fyuzi moja ya ampea 10. Na angalia ni wakati gani yote yanakutana: unaingia kona, umewasha indiketa, unashika breki, unapiga honi kwa sababu kuna mtu na baiskeli.

Hata hivyo, hesabu hiyo hainiridhishi. Fyuzi haikatiki papo hapo kwa kuzidishiwa kidogo. Ya ampea 10 inaweza kubeba 11 kwa muda mrefu sana, inapata joto tu. Kinachoikata papo hapo ni shoti, na wewe umetaja kona kali. Mshukiwa wangu mkubwa yuko kwenye shingo ya usukani. Taa ziko mbele na umeme umetoka nyuma, lazima waya umepita pale usukani unapogeukia. Kama fundi aliubana bila kuuachia nafasi, kila unapokata hadi mwisho chuma kinaulamba. Baada ya wiki kadhaa ngozi imekwisha, shaba inagusa bodi. Zima pikipiki, geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku unaangaza na tochi ya simu. Utaona mahali palipong'aa. Nimeiona hii mara nyingi kiasi kwamba nikiletewa pikipiki yenye taa za kuongeza na fyuzi inayoungua, naanzia shingoni kabla sijafungua siti.

Ukikuta pamekwanguka, chunguza na nyaya za kiwandani zilizo jirani. Waya uliopata moto huambukiza wenzake. Chini ya tangi pia pafunguliwe, kwa sababu harufu uliyoisikia imetoka pale. Nyaya zilizogandana, hata kama bado zinafanya kazi, zitenganishwe. Iliyolainika ikatwe kipande na kubadilishwa. Tepu juu ya waya ulioyeyuka ni kuficha tu.

Ugonjwa wa tatu ni betri, na huu ndio utakaokuuma hata baada ya kurekebisha mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Magneto ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kwa taa za ziada. Upande unaochaji betri, kwa mfumo huu wa AC na DC zilizogawanywa, unatoa umeme kidogo, wa kutosha indiketa, honi, breki, na kurudishia kile stata ilichokula asubuhi. Tuseme kwa mwendo wako wa kawaida inapeleka ampea moja na nusu. Taa zako zinakula 3.3. Pengo ni 1.8, na linazibwa na betri. Betri ya saa-ampea 5, yaani yenye akiba ya kutoa ampea moja kwa saa tano, hupaswi kuishusha chini ya nusu kama unataka ikae. Nusu yake ni 2.5, gawa kwa 1.8, upate kama saa moja na dakika ishirini. Safari moja ya kwenda Lupiro, kusubiri na kurudi, umeimaliza. Ukilala, asubuhi stata haivuti.

Usichukue namba zangu, pima zako. Asubuhi kabla ya kuwasha, mita kwenye DC, gusa betri. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyoshiba. 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imechoka, na ikilala hivyo siku nyingi haitarudi tena sawasawa. Kisha washa injini, piga resi ya wastani, kama unavyotembea gia ya tatu mjini, kila kitu kimezimwa. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikifika 15 na kupita, rektifaya imeharibika na itachemsha betri. Mwisho washa taa za LED, resi ileile. Zikibaki 13.2 kwenda juu, magneto inazimudu. Zikishuka chini ya 12.8, unaishi kwa akiba.

Na usiamini boksi. Taa za LED za sokoni zinaandikwa wati 20, 40, hata 60, lakini nyingi hazifiki hata nusu ya hapo. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, ikatize katikati ya waya wa moto wa taa, usome ampea, uzidishe kwa volti. Ukikuta taa ya "wati 20" inakula ampea 0.7, hiyo ni wati 8 na kidogo, na kwako ni habari njema. Ukimaliza kupima ampea urudishe waya kwenye tundu lake la volti. Ukisahau, ukagusa betri, umepiga shoti kwa kutumia mita.

Sasa swali lenyewe: umeme uchukuliwe wapi?

Wenzako wa kijiweni wamesema nusu ya ukweli. Ndiyo, uchukue kwenye betri. Lakini ukiunga moja kwa moja bila kitu katikati, umejifungia shida mbili. Ya kwanza, waya usio na fyuzi kutoka kwenye betri ni hatari kuliko ule uzi wako. Betri ndogo ya pikipiki inaweza kumwaga makumi ya ampea kwenye shoti. Ya pili, chaja nyingi, hasa zenye kioo kidogo cha kuonyesha volti, zinakula hata kama hujachomeka simu. Miliampea 20 unaziona si kitu, lakini kwa saa 24 ni karibu nusu saa-ampea. Pikipiki ikilala siku tano nyumbani kwa sababu umekwenda msibani, nusu ya betri imeondoka bila wewe kuwasha kitu.

Na hapo pana jambo lako binafsi. Umesema ni ya mkataba. Pikipiki nyingi za mkataba zimefungwa kifaa cha GPS cha mwenye mali, nacho kinakula usiku na mchana. Vingine vimeungwa na rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ya kukata injini. Kabla hujafungua chochote mpigie tajiri wako, mweleze, apate kujua. Ukiona kiboksi cheusi kimefungwa kwa tepu ndani ya nyaya, usikiguse wala usichukue umeme kutoka kwenye waya wake. Injini ikizimika porini usiku kwa sababu ya jointi yako, au tajiri akidhani unakificha, miezi minne hiyo itakuwa mirefu.

Njia ninayoitumia mimi ni hii: nguvu itoke kwenye betri, amri itoke kwenye ufunguo. Waya wa kiwandani usibebe mzigo wako, ubebe ruhusa tu. Kinachofanya hivyo ni rilei, ile ya kawaida ya magari ya volti 12, yenye miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87. Ndani yake kuna koili ndogo na swichi nene. Koili inakula chini ya robo ampea, waya wowote wa pikipiki unaimudu. Swichi nene inapitisha mzigo.

Anza kwa kufungua hasi ya betri, ndipo chanya. Sababu si ushirikina: ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umepiga shoti mkononi. Kutoka chanya toa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba wenye temino ya pete, na ndani ya sentimita 15 weka kishikio cha fyuzi, ampea 10, ile nyekundu. Fyuzi ikiwa mbali, kipande chote cha kabla yake hakina mlinzi. Waya uende mguu wa 30 wa rilei. Mguu wa 87 utoe matawi mawili: la taa, lenye fyuzi yake ya ampea 5, na la chaja, lenye fyuzi ya ampea 3. Kwenye fyuzi bapa, 5 ni kahawia iliyopauka na 3 ni zambarau. Matawi waya wa milimita 1 unatosha na kubaki. Swichi ya taa ikae kwenye tawi lake, usukanini, iwe ya kubeba angalau ampea 5 na isiyoingia maji. Wengine huiweka swichi upande wa koili ili usukanini ipite robo ampea tu. Ni ufundi mzuri, lakini kwako chaja ingezimika kila ukizima taa, na wewe unataka simu ichaji mchana.

Mguu wa 85 uende ethi. Mguu wa 86 ndio unaotaka ruhusa: waya ambao ufunguo ukiwashwa una volti 12 za DC, ukizimwa una sifuri. Hapa ndipo watu huuliza rangi, na hapa ndipo rangi huua. Kwenye Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata Honda CG125, kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, na nyeusi ni moto unaokuja baada ya ufunguo. Kwenye Yamaha nyeusi ni ethi, na moto wa ufunguo ni kahawia. Suzuki ethi yao ni nyeusi yenye mstari mweupe, na moto wa ufunguo ni chungwa. Fundi aliyezoea aina moja akishika nyingine kwa mazoea, anaunga moto kwenye ethi akiwa amejiamini kabisa. Na ya kwako huenda imeshapita mikononi mwa mafundi watatu waliotumia waya wa rangi waliyokuwa nayo siku hiyo. Rangi ikupe dhana, mita itoe hukumu.

Mahali pazuri pa kupata ruhusa hiyo ni waya unaoingia kwenye flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, au unaoingia swichi ya breki ya nyuma. Yote miwili ni DC na yote iko karibu na siti au kava ya pembeni. Usiukate wala kuuchuna katikati. Nyaya hizi zimeungana kwa vichwa vya dume na jike. Tengeneza kipande kifupi chenye dume upande mmoja, jike upande wa pili, na tawi la tatu katikati. Chomoa, ingiza kipande chako, chomeka. Siku ukitaka kurudisha ilivyokuwa, unachomoa bila alama, na tajiri hana neno.

Vile viklipu vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuuchuna, vipo madukani na vinavutia kwa urahisi. Kwenye gari ndani, chini ya dashibodi kavu, havina shida kubwa. Kwenye pikipiki ya Kilombero wakati wa masika sivitaki. Meno yake hukata nyuzi kadhaa za shaba, maji huingia kwenye jeraha, na baada ya miezi unakuta unga wa kijani.

Jointi za kusokota na tepu ziache. Gundi ya tepu ikipigwa na joto la injini inayeyuka, tepu inafunguka, shaba inachungulia. Jointi iliyolegea nayo inajipikia yenyewe. Ikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, na ampea 3.3 zinapita, inazalisha joto la zaidi ya wati 5 pale pale kwenye ncha, yaani joto la balbu nzima ya taa yako ya nyuma lililofungiwa ndani ya tepu. Tumia temino za kubana kwa koleo yake, si kwa meno wala nyundo, kisha vuta kwa mkono kwa nguvu. Ikitoka, afadhali imetoka kwako kuliko njiani. Risasi ya kulehemu inakubalika, ila waya uliolehemiwa unakuwa mgumu na mtetemo huukatia pale ulaini unapoanzia. Kama umelehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa moto na ufunge waya usicheze sentimita mbili tatu kila upande.

Ethi ya taa na chaja irudi hasi ya betri kwa waya wake. Wengi hufunga kwenye boliti ya fremu iliyo karibu. Fremu ina rangi, rangi haipitishi umeme, na kutu inazidi kila mwezi. Taa ikififia watu hubadilisha taa, kumbe umeme umekosa njia ya kurudi.

Kupitisha waya: fuata mkondo wa nyaya za kiwandani, mbali na ekzosi na mapezi ya injini, ndani ya bomba laini la plastiki. Shingoni uache kitanzi, geuza usukani pande zote mbili hadi mwisho ukiangalia kama unavutika. Kabla ya kuingia kwenye rilei, swichi au chaja, waya uteremke kidogo halafu ndipo upande, ili matone yadondokee kwenye kona ya chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Rilei ikae miguu ikitazama chini. Na ukipeleka pikipiki kuoshwa kwa mashine ya presha, mwambie kijana asielekeze mdomo kwenye usukani. Tundu la chaja lenye kifuniko cha mpira linazuia mvua, halizuii mashine.

Bado hujaongeza umeme, umeupanga tu. Kama ile namba ya tatu ya mita, ya resi na taa zikiwaka, ilishuka chini ya 12.8, una njia tatu. Ya bei ndogo ni kutumia taa ndogo zaidi zilizopimwa kweli, na kuziwasha nje ya mji tu, si mjini penye nguzo za taa. Ya pili ni kubadilisha mfumo: fundi anafungua magneto, anaitoa ethi ya koili, anaweka rektifaya inayokusanya wimbi lote badala ya nusu, na umeme wote unapita betri. Kisha hata taa kubwa inakuwa ya DC, na unaweza kuweka LED badala ya balbu ya wati 35, ukaokoa kama wati 20 zinazolisha taa zako za ziada. Hii ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, si ya kujaribia kwenye pikipiki ya mkataba. Subiri iwe yako. Njia ya tatu ni betri kubwa zaidi, na hii siipendi kama watu wanavyoipenda. Betri kubwa ni ndoo kubwa zaidi chini ya bomba lilelile. Itachelewa kuisha, na itachelewa kujaa.

Kuhusu taa zenyewe: zielekeze chini, mwanga ugonge barabara kama mita 25 mbele, na zizime ukikutana na mwenzio. Dereva wa fuso aliyepofushwa anakuja upande wako.

Msomaji mwenye pikipiki ya sindano, ile isiyo na kabureta, asome haya yote lakini asiguse waya wowote unaokwenda kwenye pampu ya mafuta, kompyuta au sensa, hata kwa kuchukua ruhusa tu. Na hizi pikipiki za umeme zinazojaa Kigali na Nairobi ni habari nyingine: betri yake kuu si ya volti 12, na taa zake hulishwa na kifaa kidogo kinachoshusha volti, chenye mpaka wake. Hapo muulize aliyekuuzia.

Ukimaliza kufunga, endesha usiku mmoja na taa zote, kisha simama, zima, ushike kwa vidole kishikio cha fyuzi, miguu ya rilei na kila temino. Vuguvugu ni sawa. Kinachokufanya uondoe mkono kina jointi mbovu, kifungue. Rudia baada ya wiki, maana mtetemo wa barabara yenu ya vumbi hulegeza kile ambacho siku ya kwanza kilikaza.

Halafu niandikie zile namba tatu: volti za asubuhi, volti za resi bila taa, na volti za resi na taa. Uniambie na ulichokikuta pale shingoni.